Fedha za Msimu Kwenye Simu: Jinsi Programu Hasidi Zinavyoiba Benki na Namna ya Kujikinga

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, maswali yanayoingia studio kwetu hubadilika. Kabla ya hapo tunaulizwa kuhusu salfa na mvua. AMCOS zikianza kulipa na fedha kuingia benki, tunaanza kuulizwa kuhusu meseji. "Mtangazaji, nimetumiwa hii, ni ya kweli?" Nyingi ni za utapeli tuliouzoea: ile hela tuma kwenye namba hii, mwanao amezidiwa shuleni, umeshinda bahati nasibu. Hizo tumezisema hewani mpaka sauti zimekauka.

Makala hii inahusu wizi wa namna nyingine, ambao hauna haja ya kukuomba namba ya siri. Kuna msikilizaji wetu mmoja, mkulima, alitupigia akieleza kwamba salio lake lilipungua mara tatu katika usiku mmoja na hakuona meseji hata moja ya benki. Alirudia mara kwa mara, "Jamani, sikumtajia mtu namba yangu." Na alikuwa anasema kweli. Siku chache nyuma, kijana wa jirani alimrushia programu ya kuangalia mpira bure, bila king'amuzi. Mpira wenyewe, alisema, haukuonekana hata siku moja.

Programu hasidi ni kitu gani

Simu janja inafanya kazi kwa programu. WhatsApp ni programu, kikokotoo ni programu, ile ya benki nayo ni programu. Programu hasidi imetengenezwa kama hizo nyingine, ila aliyeiandika alikusudia kuiba, kupeleleza au kuharibu. Wengi wetu tunaita virusi, na humu tutatumia majina yote mawili, ingawa mafundi wa kompyuta wangetukosoa.

Kwa mteja wa benki ziko za aina mbili zinazostahili kujulikana. Moja hukaa kimya, haitaki kabisa ujue kuwa ipo, na kazi yake ni kuiba. Nyingine inajitangaza: inafunga simu au kompyuta yako, kisha inadai fedha ili ifungue. Hii ya pili huitwa virusi vya kudai kikombozi, maana inafanya yale yale anayofanya mtekaji wa watu.

Kama unatumia kitochi, yaani simu ya kubonyeza, tulia kidogo. Programu tunazozieleza hapa zimeandikwa kwa ajili ya simu janja, hasa za Android, na kwenye kitochi haziwezi kufanya kazi. Matapeli wa kupiga simu bado watakufikia, lakini hawa hapana. Tutakirudia kitochi mbele, kwa sababu kina faida ambayo watu wengi hawajaifikiria.

Inaingiaje

Watu wengi wanadhani mwizi yuko mbali na "anahaki" simu kwa uchawi wa mitandao. Mara nyingi sana si hivyo. Programu imeingizwa na mwenye simu mwenyewe, kwa mkono wake, akidhani ni kitu kingine.

Huku kwetu njia kubwa ni kurushiana. Bando ni ghali na mtandao vijijini unasuasua, kwa hiyo mtu mmoja anapakua programu, kisha kijiji kizima kinaipata kwa Xender au Bluetooth. Fundi simu naye anayo kwenye memori kadi, anakuwekea pamoja na nyimbo mia mbili kwa bei moja. Hatuwalaumu, nao wanatafuta riziki. Ila programu iliyopita kwenye simu kumi haijulikani ilianzia wapi, na aliyeiingiza virusi hakuacha alama.

Njia nyingine ni programu zilizochakachuliwa. WhatsApp zenye majina ya herufi za ziada, zile zinazokuwezesha kusoma meseji iliyofutwa au kuficha kuwa uko hewani, hazitoki kwa wenye WhatsApp. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kuwa imekuta kirusi kinachoitwa Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. Toleo hilo liliomba ruhusa ya kusoma meseji za kawaida za simu, na kirusi kikapata ruhusa hiyo hiyo bila kuomba tena. Meseji za kawaida za simu ndiko benki inakotuma namba za uthibitisho.

Ya tatu ni faili linalotumwa kwenye WhatsApp. Mfano ulio karibu sana na maisha yetu umetoka India, ambako mwishoni mwa mwaka 2024 polisi walitoa tahadhari kuhusu kadi za mwaliko wa harusi. Mtu anapokea kadi kutoka kwa namba asiyoijua, anaona aibu kuuliza ni harusi ya nani, anaifungua. Kumbe si kadi, ni programu. Hapa kwetu, ambako kadi za michango sasa zinakuja kwa WhatsApp kuliko kwa mkono, sisi tunaona hila hiyo ingepata wateja asubuhi moja tu.

Namna ya kuitambua ni kuangalia mkia wa jina la faili. Kadi ya kweli ni picha au waraka, jina lake huishia na jpg, png au pdf. Programu ya Android huishia na apk. Faili lolote lililoishia na apk likikujia kwa WhatsApp, kwa Telegram au kwa linki kwenye meseji, liwe na jina la kadi, la orodha ya ruzuku ya pembejeo, la matokeo ya mtihani au la benki yenyewe, usilifungue. Tunazidi kusisitiza hilo la benki: programu ya benki huichukua Play Store, na kama hujui jina lake kamili, muulize karani wa tawini akuonyeshe.

Inaibaje bila wewe kutaja namba

Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Programu ikishawekwa, inaanza kuomba ruhusa. Ruhusa ya picha, ya majina ya watu kwenye simu, ya meseji. Halafu inaomba ruhusa moja kubwa kuliko zote. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili mara nyingi huitwa "Ufikivu", na kwenye iliyoachwa Kiingereza utaona "Accessibility". Ruhusa hii iliwekwa kwa nia njema, kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye ulemavu wa mikono. Programu iliyopewa ruhusa hii inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo ili imsomee mwenye simu kwa sauti, na inaweza kubonyeza kwa niaba yake.

Sasa hebu fikiria ruhusa hiyo ikiwa mikononi mwa mwizi. Anasoma kila kinachoonekana kwenye kioo. Anabonyeza "ndiyo" mahali ambapo wewe ungebonyeza. Ukijaribu kuifuta programu yake, inarudisha kioo nyuma kabla kidole chako hakijafika.

Halafu kuna hila ya uso wa bandia. Kirusi kinasubiri ufungue programu ya benki. Ukiifungua tu, chenyewe kinafunika kioo kwa picha inayofanana nayo, nembo ile ile, rangi ile ile, na kisanduku cha namba ya siri. Ni kama mtu anayesimama mbele ya dirisha la benki kwa sare ya karani, akapokea kitabu chako, akanakili, kisha akapisha. Wewe unaandika namba ya siri, pengine unaambiwa umekosea ujaribu tena, mara ya pili inakubali. Namba imeshakwenda.

Baadaye, usiku, kwa kuwa sasa anayo namba ya siri na anaweza kuibonyeza simu akiwa mbali, anahamisha fedha. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwa meseji. Kirusi kinaisoma na kuificha. Ndiyo maana yule mkulima hakuona meseji. Kwa upande wa benki muamala ulitoka kwenye simu yake, kwa namba yake ya siri, kwa laini yake, na hapo ndipo ugumu wa kudai unapoanzia.

Simu za Android toleo la 13 kwenda mbele zina kizuizi: programu uliyoichukua nje ya Play Store haipewi kirahisi ruhusa ya Ufikivu. Wezi wanajua, kwa hiyo wanakupa maelekezo hatua kwa hatua ya kukiondoa, mara nyingine kwa video, wakisema "programu haitafanya kazi bila hii". Ukiona unaelekezwa namna ya kuzima ulinzi wa simu yako mwenyewe, hiyo peke yake inatosha kujua uko mikononi mwa nani.

Dalili

Simu inapata moto ukiwa huitumii. Bando linakwisha ukiwa shambani. Kioo kinawaka chenyewe, au kinafungua ukurasa wa mipangilio ambao hukuugusa. Programu uliyoiweka haionekani tena kwenye kioo lakini ukienda kwenye orodha ya programu ipo. Programu ya benki inakuomba namba ya siri mara mbili, au inauliza vitu ambavyo haijawahi kuuliza, kama namba za kadi ya ATM. Meseji za benki zimekoma kuja. Dalili moja, kama joto au bando, inaweza kuwa uchakavu wa simu tu. Mbili tatu zikikutana, usisubiri.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta Ufikivu, uangalie ni programu gani zimepewa ruhusa. Kwa watu wengi pasiwe na hata moja iliyowashwa, isipokuwa kama unatumia kisaidizi cha kusoma kioo. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako juu, chagua Play Protect na uiache ichunguze simu. Haikamati kila kitu, lakini ni bure na inachukua muda mfupi.

Virusi vya kudai kikombozi

Aina hii inajulikana zaidi kwa kompyuta. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa, na katika siku chache kilifika zaidi ya nchi 150. Hospitali za serikali nchini Uingereza ziliahirisha matibabu kwa sababu kompyuta zilifungwa, kioo kikidai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Kilichotuuma tuliposoma habari ile ni kwamba Microsoft walishatoa marekebisho ya udhaifu ule mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wameyaweka.

Tulisoma, tukashangaa, na bado yakatukuta. Kompyuta yetu ya kuhariri vipindi ilipokea flashi ya matangazo kutoka nje. Kesho yake kila faili lilikuwa na jina la ajabu na halifunguki, na katikati ya kioo pamebaki barua ya kudai fedha. Mahojiano ya wazee, ngoma tulizorekodi vijijini, vyote vikafungwa. Nakala tulikuwa nazo, ndiyo, kwenye diski ya pembeni. Lakini diski yenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo usiku na mchana, kwa hiyo nayo ikafungwa. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wameshafariki. Tangu siku hiyo diski ya nakala inachomekwa Ijumaa, inanakiliwa, inachomolewa, inafungiwa kabatini.

Hatukulipa. Kulipa hakumlazimishi mwizi kutimiza ahadi, na wako waliolipa wasifunguliwe. Kwa kompyuta iliyofungwa, kabla ya kuifuta, angalia tovuti ya nomoreransom.org. Ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, na inatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Ya kwetu haikuwemo. Yako inaweza kuwemo.

Simu nazo hufungwa. Mwaka 2017 kampuni ya ESET ilieleza kirusi cha Android kilichoitwa DoubleLocker, kilichojifanya programu ya kuonyesha video. Kilitumia ruhusa ile ile ya Ufikivu, kikabadili namba ya kufungulia simu, kisha kikafunga mafaili. Chimbuko lake lilikuwa kirusi cha kuiba benki. Kwa mteja wa benki hilo lina maana hii: simu ikifungwa na kudai kikombozi, usihangaike na simu kwanza. Chukulia kuwa namba yako ya siri imeshaonekana, na uanze na benki.

Namna ya kujikinga

Ushauri wetu wa kwanza, na tunajua wengine watacheka, ni kutenganisha. Laini iliyosajiliwa benki iweke kwenye kitochi. Miamala fanya humo kwa zile namba zinazoanza na nyota na mia moja hamsini. Meseji za uthibitisho zitaingia humo pia, mahali ambapo hakuna kirusi cha Android cha kuzisoma. Simu janja ibaki na laini nyingine kwa WhatsApp, mpira na watoto. Kitochi ni bei ya chini kuliko gunia moja la korosho, na chaji inakaa siku kadhaa.

Kama lazima utumie programu ya benki kwenye simu janja, basi simu hiyo isiwe ya kila mtu. Usipokee programu za kurushiwa humo. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, utafute "Sakinisha programu zisizojulikana", uhakikishe WhatsApp, Xender na kivinjari vimezimwa. Simu ikikuletea masasisho, tafuta siku yenye mtandao uyaweke, hata kama yanakula bando. Simu kuukuu ambayo haipati tena masasisho inafaa kwa redio na picha, si kwa benki.

Programu za mikopo ya haraka ziangalie kwa jicho kali. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Si lazima ziwe virusi, lakini programu inayotaka majina yote ya kwenye simu yako kabla ya kukukopesha elfu ishirini imeshakuambia itakudai kwa njia gani.

Jambo lingine linahusu akaunti yenyewe. Fedha za msimu zikiingia, si lazima zikae zote kwenye akaunti iliyounganishwa na simu. Waulize tawini kuhusu akaunti ya akiba ambayo haitoki kwa simu, na uulize kama wanaweza kukushushia kiwango cha juu cha kutoa kwa siku. Mwizi akiingia atakuta fedha za matumizi, si za ada na mabati.

Na namba ya huduma kwa wateja ya benki yako iandike leo kwenye karatasi, ubandike ndani ya nyumba. Ichukue nyuma ya kadi ya ATM au kwa karani. Usiitafute Facebook siku ya msiba, kwa sababu huko kuna kurasa za matapeli zenye nembo za benki, nao wanapokea simu haraka kuliko benki.

Ikishatokea

Zima data mara moja, au weka simu kwenye hali ya ndege, ili mwizi asiendelee kuibonyeza. Chomoa laini uiweke kwenye kitochi. Ukiwa na kitochi hicho au simu ya jirani, piga benki, uwaambie wafunge huduma ya simu na kadi. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekupokea. Wakala wa benki wa kijijini hana uwezo wa kufunga akaunti yako, usipoteze muda kwake. Kama fedha zimehamishiwa kwenye mtandao wa simu, piga na huko, maana zikiwa bado hazijatolewa huenda zikazuiwa.

Namba mpya ya siri usiiweke kwa simu iliyoingiliwa. Iweke tawini au kwenye kitochi. Kisha nenda polisi ukachukue RB, kwa kuwa benki itaiomba, na makosa haya yana sheria yake tangu mwaka 2015, Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ukienda tawini beba kitambulisho, RB na ile simu bila kuifuta. Wengi wanakimbilia kwa fundi kuiflashi na ushahidi wote unaondoka. Baada ya benki na polisi kumaliza nayo, hapo sasa irudishwe ilivyotoka kiwandani, ukijua kwamba picha na mafaili ya ndani yatafutika.

Meseji yoyote ya kitapeli iliyokufikia, yenye linki au isiyo nayo, itume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripotia, na ukiulizwa namba iliyokutumia, iandike. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna msikilizaji aliyefanya hivyo akiwa nasi hewani, akakuta moja asiyoijua. Siku ya pili alikwenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chake, wakaiondoa.